Cyril Fox: Maisha ya Mtu Aliyeisoma Ardhi

Mwanachuo anapopelekwa mazoezi ya kufundisha, lalamiko lake la kwanza mara nyingi ni upungufu wa vifaa. Ramani ya ukutani imechanika, vitabu vya Historia havitoshi, na picha hazipo. Hapo huwa rahisi kwake kulisoma andalio la somo kwa sauti, wanafunzi wakaandika, kengele ikalia, na kila mmoja akaamini kwamba Historia imefundishwa. Lakini nje ya dirisha la darasa hilo kuna njia iliyochimbika kwa nyayo za miaka mingi, kuna mahame yenye vigae vya vyungu, kuna miti iliyopandwa na watu ambao leo hakuna azijuaye sura zao. Vyote hivyo ni maandishi. Kinachokosekana ni msomaji.

Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha ya mtu mmoja aliyejifunza kuyasoma maandishi ya namna hiyo, akawafundisha wengine. Mtu huyo ni Cyril Fox, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1882 na kufariki mwaka 1967. Alichunguza matuta na mahandaki yaliyojengwa Uingereza na Wales baada ya utawala wa Warumi kumalizika, katika karne ambazo maandishi yake ni machache sana. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, aliingia katika elimu ya juu akiwa mtu mzima, baada ya kuacha shule akiwa kijana mdogo. Pili, njia zake za kazi zimedumu ingawa baadhi ya majibu yake yamekataliwa. Jambo hili la pili linatugusa sisi walimu kuliko tunavyodhani, nasi tutalirudia kabla ya kufunga maelezo yetu.

Miaka ya kazi bila shahada

Fox alizaliwa katika mji mdogo wa Chippenham, magharibi mwa Uingereza, tarehe 16 Desemba 1882. Alisoma katika shule ya Christ's Hospital, akaiacha alipofikia umri wa miaka 16. Hakwenda chuo kikuu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya bustani, kazi ya udongo na mimea, ambayo watu wengi wa tabaka lake hawakuihesabu kuwa njia ya kupandia.

Baadaye alipata nafasi ya kusaidia katika kituo cha utafiti huko Stansted, ambako tume ya serikali ilikuwa ikichunguza uhusiano kati ya kifua kikuu cha ng'ombe na kile cha binadamu. Tume hiyo ilipomaliza kazi yake, Fox alihamia Cambridge mwaka 1912, akawa msimamizi wa maabara za nje za chuo kikuu cha huko. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mifugo inatunzwa, vyumba viko safi, na kumbukumbu zinaandikwa sawasawa. Alikaa miongoni mwa wasomi bila kuhesabiwa kuwa mmoja wao.

Ni vema tusiipite miaka hii haraka haraka. Katika maabara mtu hujifunza kuandika alichokiona siku ile ile alipokiona, kupima kabla ya kusema, na kutochanganya tukio na maoni. Tutaona kwamba tabia hizo ndizo zilizomfanya Fox kuwa mtafiti. Wakati wake wa mapumziko aliutumia kuyachunguza mambo ya kale ya eneo la Cambridge: makaburi, vipande vya vyungu, mashoka ya mawe, sarafu zilizofukuliwa na majembe ya wakulima. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa.

Mwanafunzi mwenye umri wa baba

Mwaka 1919, vita kuu vilipokwisha, Fox alipokelewa kuwa mwanafunzi katika chuo cha Magdalene, Cambridge. Alikuwa anakaribia miaka 37. Wanafunzi wenzake wengi walikuwa vijana waliotoka shuleni au vitani. H. M. Chadwick, profesa aliyefundisha lugha na historia ya Waanglo-Saksoni, alitambua upesi kwamba mwanafunzi huyu tayari alikuwa na shehena ya maarifa ambayo mitihani ya kawaida isingeweza kuipima. Wakati huo ndipo Cambridge ilipokuwa imeanza tu kutoa digrii ya udaktari kwa utafiti. Kwa msaada wa Chadwick, Fox aliruhusiwa kufuata njia hiyo mpya, naye akaipata digrii hiyo mwaka 1922. Mwaka uliofuata utafiti wake ulichapishwa kuwa kitabu juu ya akiolojia ya eneo la Cambridge.

Wapo baadhi yetu vyuoni ambao walianza kazi kabla ya kusoma ualimu, na wengine wamewaacha watoto nyumbani ili wakae darasani pamoja na vijana. Hao huenda wakaona haya kuanza wakiwa wamechelewa. Maisha ya Fox yanaonyesha kwamba miaka iliyotangulia si lazima iwe miaka iliyopotea. Lakini yanaonyesha jambo jingine pia: kwamba alihitaji mwalimu mwenye macho. Kama Chadwick angempima kwa kipimo kile kile alichowapimia vijana wa miaka 18, huenda Fox angebaki msimamizi wa maabara hadi kustaafu.

Ramani zilizowekwa juu ya udongo

Ni nini hasa alichofanya Fox katika utafiti ule? Alichukua eneo la mraba lililouzunguka mji wa Cambridge, kila upande ukiwa na urefu wa takriban kilometa 70. Ndani ya eneo hilo alikusanya habari za kila kitu cha kale kilichopata kuonekana, kiwe kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho, kiwe kimetajwa katika gazeti la zamani, au kiwe bado kiko shambani. Kisha alivigawa kwa nyakati: zama za mawe za mwisho, zama za shaba nyeusi, zama za chuma, wakati wa Warumi, na wakati wa Waanglo-Saksoni.

Hadi hapo alikuwa amefanya kazi ya mkusanyaji mwenye bidii. Hatua iliyofuata ndiyo iliyomtenga na wakusanyaji wengine. Kila kipindi alikitengenezea ramani yake, na ramani hizo hakuzichora juu ya karatasi tupu. Alizichora juu ya ramani iliyoonyesha aina za udongo, mabwawa, na mahali ambapo aliamini kwamba hapo kale palikuwa na misitu. Kwa njia hiyo msomaji aliweza kuona kwa jicho lake jinsi vituo vya makazi vilivyokusanyika mahali fulani na kuacha pengine patupu, na jinsi mpangilio huo ulivyobadilika kutoka zama moja hadi nyingine. Historia ya watu na Jiografia ya nchi zikaonekana katika karatasi moja.

Katika eneo hilo hilo la Cambridge kuna matuta makubwa ya udongo yanayokatiza nchi kati ya mabwawa upande mmoja na ardhi nzito ya msitu upande mwingine. Mawili kati ya hayo huitwa Devil's Dyke na Fleam Dyke. Watu walibishana kwa muda mrefu kuhusu umri wake. Fox na wenzake walichimba mitaro ya uchunguzi katika matuta hayo katika miaka ya mwanzo ya 1920, wakatazama kilichofunikwa na tuta. Hoja yake ni rahisi, hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuifuata: ikiwa kigae cha Kirumi kimelala chini ya tuta ambalo halijavurugwa, basi tuta haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kigae. Kwa vipande vichache vya vyungu, matuta yaliyodhaniwa kuwa ya kale mno yaliletwa karibu zaidi na sisi, hadi mwishoni mwa wakati wa Warumi au baada yake. Hapo ndipo Fox alipoanza kuonekana kuwa mtu wa zama zile za giza ambazo vitabu vyake ni vichache lakini ardhi yake ina mengi ya kusema.

Kwenda Wales

Mwaka 1924 Mortimer Wheeler, aliyekuwa akishughulikia akiolojia katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Wales mjini Cardiff, alipandishwa cheo kuwa mkurugenzi. Fox aliitwa kuishika nafasi iliyoachwa wazi. Wheeler alipohamia London mwaka 1926, Fox alipewa ukurugenzi, naye akaushika hadi mwaka 1948. Mtu aliyeanza na bustani sasa alikuwa mkuu wa taasisi ya taifa zima. Jengo jipya la jumba hilo lilifunguliwa rasmi mwaka 1927. Mwaka 1935 alitunukiwa cheo cha heshima, akaitwa Sir Cyril.

Mkurugenzi ana barua za kujibu, vikao vya kuhudhuria, na fedha za kutafuta. Ingekuwa rahisi kwake kuiacha kazi ya nje na kuwa mtu wa ofisini. Hakuiacha. Katika miaka hiyo hiyo ya shughuli nyingi ndipo alipoifanya kazi iliyolipa jina lake uhai hadi leo.

Mwaka 1932 ulimletea msiba. Mke wake, Olive, alikufa maji, akawaacha binti wawili. Mwaka uliofuata Fox alimwoa Aileen Henderson, ambaye naye alikuwa mwanaakiolojia na baadaye akajijengea jina kwa kazi zake mwenyewe. Walipata watoto watatu wa kiume.

Tuta la mfalme Offa

Kati ya Wales na Uingereza kuna tuta refu la udongo lenye handaki, ambalo kwa kawaida liko upande wa magharibi, yaani upande wa Wales. Waingereza huliita Offa's Dyke, na kwa Kiwelsh linaitwa Clawdd Offa. Pale lilipohifadhika vizuri, tuta na handaki lake pamoja huchukua upana wa karibu mita 20, na tuta huinuka kufikia mita 2.5. Offa alikuwa mfalme wa Mercia, dola ya Waanglo-Saksoni iliyokuwa katikati ya Uingereza, naye alitawala kuanzia mwaka 757 hadi 796. Habari zinazomtaja kuwa mjenzi wa tuta hilo tunazipata kwa Asser, mtawa wa Wales aliyeandika mwaka 893, karibu miaka mia moja baada ya mfalme huyo kufa. Asser anaeleza kwamba tuta lilitoka bahari hadi bahari.

Basi mwanahistoria wa vitabu alikuwa na sentensi moja tu, iliyoandikwa na mtu ambaye hakuishuhudia kazi yenyewe. Fox aliamua kwenda kuiuliza ardhi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930 alifunga safari mwaka hadi mwaka, akilifuata tuta hilo kwa miguu sehemu baada ya sehemu, akiwa na ramani kubwa za serikali zilizochorwa kwa kipimo cha inchi sita kwa kila maili. Mahali tuta lilipoonekana alilipima, akachora umbo lake kama mtu aliyekata mkate na kuutazama kwa upande. Alipiga picha, akaandika hali ya kila sehemu, na mahali pachache akachimba. Kila mwaka ripoti ya sehemu iliyokamilika ilichapishwa katika jarida la chama cha akiolojia cha Wales. Baadaye alilichunguza kwa njia hiyo hiyo tuta jingine, Wat's Dyke, linaloambatana na lile la kwanza upande wa kaskazini. Taarifa zote zilikusanywa pamoja na kutolewa kuwa kitabu kimoja mwaka 1955, utangulizi wake ukiandikwa na mwanahistoria Frank Stenton. Miaka karibu 30 ilikuwa imepita tangu hatua ya kwanza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Fox aliinama kwa muda mrefu.

Alifuata njia yenye urefu wa karibu kilometa 240, kutoka pwani ya kaskazini ya Wales hadi mto Severn upande wa kusini. Katika njia hiyo alihesabu tuta lililojengwa lenye urefu wa kilometa 130 hivi. Kuhusu sehemu hizo alitoa maelezo ambayo watafiti bado huyatumia. Aliona kwamba mjenzi alichagua miinuko inayotazama magharibi, ili mtu akisimama juu ya tuta aione nchi ya Wales iliyo mbele yake. Aliona kwamba katika nchi ya wazi tuta hunyooka kutoka kilele hadi kilele, na mahali pengine hupindapinda. Kutokana na hayo alihitimisha kwamba kazi yote ilipangwa na akili moja, ingawa ilitekelezwa na makundi mbalimbali ya watu wa vijiji, kila kundi na sehemu yake, wengine wakifanya vizuri na wengine wakilipua.

Lakini kulikuwa na mapengo, na kubwa kuliko yote lilikuwa katika bonde la Herefordshire, ambako tuta huonekana kwa vipande vichache tu, kisha likatoweka. Fox alilijaza pengo hilo kwa msitu. Alisema kwamba hapo kale bonde hilo lilifunikwa na miti minene kiasi kwamba hapakuwa na haja ya kujenga, kwa sababu msitu wenyewe ulikuwa ukuta. Mahali tuta lilipopindapinda alisema palikuwa na miti, na mahali liliponyooka palikuwa na mashamba. Jibu lilikuwa zuri. Lilieleza kila kitu.

Nyanda za chini na nyanda za juu

Mwaka 1932 Fox alitoa kitabu kifupi ambacho kilisomwa na watu wengi kuliko vingine vyote alivyoandika. Ndani yake aliigawa Britania sehemu mbili: nyanda za chini za kusini na mashariki, zinazotazamana na bara la Ulaya, na nyanda za juu za magharibi na kaskazini. Katika nyanda za chini, alisema, wageni waliingia kwa urahisi, na utamaduni mpya ukaufuta ule uliotangulia. Katika nyanda za juu, utamaduni mpya ulipofika ulimezwa na ule wa zamani, ukageuzwa. Kwa miaka mingi walimu wa Historia na wa Jiografia walifundisha mgawanyo huo, kwa kuwa uliwapa njia ya kuunganisha masomo yao mawili.

Mnyororo uliovuta malori

Wakati wa vita kuu vya pili, uwanja wa ndege ulikuwa ukijengwa katika kisiwa cha Anglesey. Mwaka 1942 wafanyakazi walichota udongo mweusi wa kinamasi mahali paitwapo Llyn Cerrig Bach ili wautandaze juu ya mchanga wa uwanja. Mnyororo wa chuma ulitokea katika udongo huo. Kwa kuwa malori yalikuwa yakikwama, wafanyakazi waliufunga mnyororo kwenye trekta na kuyavuta malori matopeni. Mnyororo ulistahimili.

Habari zilipofika Cardiff mwaka 1943, Fox alitambua mara moja kwamba ulikuwa na umri wa miaka ipatayo elfu mbili, na kwamba ulitengenezwa kwa ajili ya kufungia shingo za watu watano, watumwa au mateka. Msako uliofuata ulipata vitu vya shaba na chuma vipatavyo 150: panga, vichwa vya mikuki, vipande vya magari ya vita ya kukokotwa na farasi. Fox aliona kwamba vitu hivyo vilitupwa ziwani kwa makusudi, kuwa sadaka. Alichapisha maelezo yake mwaka 1946.

Tunaliona tukio hili kuwa somo la kutosha. Kwa wafanyakazi wale mnyororo ulikuwa mnyororo, na haikuwa kosa lao, kwani hawakuwahi kufundishwa kuuliza. Watoto wetu hupita juu ya vigae na mawe ya kusagia kila siku. Atakayewafundisha kuuliza ni mwalimu wa shule ya msingi, na asipowafundisha yeye, wengi wao hawatakutana na mwingine.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1948, mwaka ambao Fox alistaafu, jumba la makumbusho ya maisha ya watu wa Wales lilifunguliwa huko St Fagans, nje kidogo ya Cardiff, ambako nyumba za wakulima na mafundi zilihamishiwa na kujengwa upya ili wananchi wazione. Fox mwenyewe, akishirikiana na Lord Raglan, alikuwa amezichunguza nyumba za vijijini za Monmouthshire, akapima kuta, paa na milango yake. Matokeo yalitolewa kwa vitabu vitatu kati ya mwaka 1951 na 1954. Baada ya kustaafu alihamia Exeter, ambako mke wake alikuwa akifundisha akiolojia. Aliendelea kuandika hadi uzeeni, akafariki Januari 1967 akiwa na umri wa miaka 84.

Yaliyosimama na yaliyoanguka

Sasa turudi kwenye jambo tulilotangulia kulidokeza. Je, Fox alikuwa sahihi?

Katika ramani zake za Cambridge aliamini kwamba ardhi nzito ya mfinyanzi ilikuwa msitu ambao watu wa kale waliuogopa. Picha zilizopigwa kutoka angani, na watu waliotembea mashambani wakiokota vigae, zimeonyesha kwamba ardhi hiyo ilikuwa na makazi mengi hata kabla ya Warumi. Utupu katika ramani ulitokana kwa sehemu na ukweli kwamba hakuna aliyekuwa ametafuta hapo.

Kuhusu tuta la Offa, kuanzia mwaka 1971 David Hill na Margaret Worthington waliongoza uchunguzi mpya uliofanywa na wanafunzi wa elimu ya watu wazima wa Chuo Kikuu cha Manchester. Walichimba mahali pengi zaidi kuliko Fox. Hawakuridhika na msitu wa Herefordshire, kwa kuwa ushahidi wake ulikuwa hautoshi. Walifikia uamuzi kwamba tuta ambalo kwa hakika ni la Offa ni lile la katikati tu, lenye urefu wa kilometa 103 hivi, na kwamba vipande vya kaskazini na kusini vilikuwa kazi ya watu wengine. Kuhusu Wat's Dyke, Fox alilidhania kuwa la kabla ya Offa, lakini uchunguzi wa mwaka 2006 karibu na Gobowen ulielekeza mwanzoni mwa karne ya 9, yaani baada ya Offa. Hata hivyo mjadala haukufungwa. Mwaka 2016 Keith Ray na Ian Bapty walitoa kitabu kilichovirudisha baadhi ya vipande vya kusini katika kazi ya Offa, karibu na alivyofikiri Fox.

Tazama basi jinsi mambo yalivyo. Msitu umeanguka, lakini vipimo vimesimama. Wale waliompinga Fox walikwenda uwandani wakiwa na kitabu chake mkononi, na mahali ambapo plau na barabara zimelisawazisha tuta tangu siku zake, michoro yake ndiyo shahidi aliyesalia. Angechanganya alichokiona na alichokidhania, asingeweza kusahihishwa, kwa maana hakuna ambaye angejua mpaka kati ya mawili hayo. Aliuacha mpaka huo wazi, na kwa sababu hiyo makosa yake yamewafaa watu.

Sisi walimu hujaza mapengo kila siku. Mtoto anauliza nani alijenga, lini, na kwa nini, nasi tunaona aibu kusimama mbele ya darasa bila jibu. Tunatoa jibu zuri linaloeleza kila kitu, tukilitamka kwa sauti ile ile tuliyotumia kusema kwamba mbili na mbili ni nne. Mtoto hana njia ya kutofautisha. Analibeba jibu hilo hadi uzeeni, akawafundishe na wanawe. Hasara ya msitu wa namna hiyo ni kubwa kuliko ya ule wa Herefordshire, kwa sababu hakuna atakayekuja na jembe kuuchunguza.

Namna ya kuitumia njia hii shuleni

Tunapendekeza hatua nne, ambazo mwanachuo anaweza kuzijaribu katika mazoezi ya kufundisha bila gharama.

Kwanza, mwalimu mwenyewe autembelee mtaa wa shule kabla ya somo. Asiwapeleke watoto mahali asipopajua. Atazame njia za zamani, visima, mahame, makaburi, miti mikubwa ya kupandwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na ukiona miembe mikongwe imejipanga mstari mmoja, uliza nani aliyepita hapo.

Pili, wanafunzi wachore ramani rahisi ya mazingira hayo: kwanza mito, miinuko na aina za udongo, kisha juu yake waweke nyumba, mashamba na mabaki ya kale. Vipimo vichukuliwe kwa hatua au kwa kamba yenye mafundo. Wasichimbe wala wasihamishe kitu chochote, kwani mabaki ya kale yanalindwa na sheria, na kitu kilichoondolewa mahali pake kimepoteza nusu ya habari zake.

Tatu, ubao ugawanywe sehemu mbili. Upande mmoja yaandikwe yale tuliyoyaona, na upande wa pili yale tunayoyadhania. Kila sentensi ya mwanafunzi ijadiliwe na darasa zima kabla ya kupata mahali pake. Maelezo ya wazee wa kijiji yapokelewe kwa heshima, na yaandikwe pamoja na jina la aliyesimulia, kama Asser anavyotajwa kwa jina lake. Katika uzoefu wa kufundisha, hatua hii huchukua muda mrefu kuliko zote, nayo ndiyo kiini cha somo.

Nne, ramani zihifadhiwe shuleni, zikiwa na tarehe. Darasa la mwaka ujao liendelee pale lililotangulia lilipoishia, na liruhusiwe kulisahihisha. Fox alitembea sehemu moja kila mwaka. Shule yenye subira ya namna hiyo, baada ya miaka kumi, itakuwa na kitabu cha Historia ya mahali pake ambacho hakiuzwi katika duka lolote.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja mambo mawili ambayo Fox aliyaona kwa macho katika tuta la Offa, na mambo mawili aliyoyadhania. Umetofautishaje?

2. Kwa nini utupu katika ramani hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba watu hawakuishi mahali hapo? Toa mfano kutoka mazingira ya shule unayoifahamu.

3. Mwanafunzi anakuuliza swali juu ya mahame yaliyo karibu na shule, nawe hulijui jibu. Andika andalio la kipindi kimoja linaloanza na swali hilo.